Silaha za Sauli Madhabahuni Petu

Neno la leo ni la wanamuziki, lakini wewe mzee wa kanisa na wewe mama wa jikoni msipite. Liko na sehemu yenu.

Wiki iliyopita kamati ya muziki iliniletea bajeti: kinanda kipya, pedali mbili za gitaa, na mikisa kubwa kuliko tuliyo nayo. Jumla shilingi 240,000, na walitaka tuite harambee mwezi ujao. Nikawauliza swali moja tu: tangu tununue kinanda cha pili, tumetunga wimbo gani? Kikao kikanyamaza. Nami nikanyamaza, maana hicho cha pili nilikipigania mimi mwenyewe.

Wapendwa, nitasema ukweli kwa upendo. Vyombo vimeongezeka, nyimbo zimepungua. Mazoezi yanaanza saa kumi jioni. Saa kumi na moja bado tunatafuta sauti kwenye kinanda: hii ya filimbi, hapana, ile ya fidla, hapana, rudi nyuma. Kisha tunabonyeza mdundo uliowekwa na kiwanda, na wimbo wetu wa Isiolo unatoka kama wimbo wa kila kanisa lenye mashine hiyo. Chaguzi zikiwa mia, akili inachoka kuchagua kabla haijaanza kutunga.

Tunaye kijana aliyekuja kwetu na gitaa lililobaki na nyuzi nne. Kwa nyuzi hizo nne alitunga nyimbo ambazo akina mama bado wanaziimba wakipika. Leo ana magitaa mawili, kinanda, simu iliyojaa programu za sauti, na mkopo wa simu unaomkosesha usingizi. Juzi aliniambia, "Pasta, nikikaa nitunge naanza kutafuta sauti. Nikiipata, usiku umeisha." Nilitoka pale nimeumia moyo. Tulimwambia anunue ili akue, kumbe tulimzika chini ya waya.

Tazameni historia yetu wenyewe. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi kijana wa Katanga, Jean-Bosco Mwenda, kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Alikuwa na gitaa moja kavu, lisilo na umeme. Vidole vyake vilipiga besi na sauti ya juu kwa pamoja, na wapigaji wengi wa Kenya wakajifunza kwake. Hapa kwetu George Mukabi alipiga gitaa lake, na pembeni mdundo ukatoka kwenye chupa ya soda. Chupa! Hawakuwa na cha kuchagua, basi walichimba kile kimoja mpaka kikatoa maji.

Na nikitaja maji, mnajua visima vya ndugu zetu Wasamburu. Kiangazi kikikaza wanachimba mchanga wa mto mkavu, wanaume wanasimama mmoja juu ya mwingine ndani ya shimo, wanapokezana ndoo huku wakiimba, na ng'ombe wanautambua wimbo wa mwenyewe. Spika iko wapi pale? Chombo ni ndoo na koo.

Sasa soma 1 Samweli 17. Sauli alimvika Daudi kofia ya shaba, dirii na upanga. Zilikuwa silaha nzuri, tena za mfalme. Daudi akajaribu kutembea, akashindwa, akazivua kwa sababu hakuwa amezizoea. Akaenda na fimbo, kombeo na mawe matano. Angalia pia sura ya 16: Sauli alipata nafuu kwa mkono wa kijana mmoja na kinubi kimoja.

Najua mtu ataniandikia hapa chini, "Pasta, hekaluni walikuwa na vyombo vingi!" Ni kweli. 1 Nyakati 23 inataja watu 4,000 wa kumsifu Bwana kwa vyombo. Lakini endelea mpaka sura ya 25, uone waimbaji 288 waliofundishwa, wenye ustadi wote. Wingi ule ulikuwa wa watu waliofunzwa. Sisi tuna vyombo kumi na moja, na wanaojua kuvipiga sawasawa ni wanne.

Kwa hiyo sipingi vyombo. Napinga kununua ili tukwepe kazi ya kujifunza na kungoja mbele za Mungu. Katika Kutoka 36, watu walileta vitu vya hema mpaka Musa akatangaza wasilete tena, maana vilitosha na kuzidi. Mimi sijawahi kuona harambee yetu moja ambapo mwenyekiti alisema, "Basi, inatosha." Leo nasema mimi.

Uamuzi wangu ni huu. Harambee ya kinanda imesimama. Kwa majuma manne tutaabudu kwa gitaa moja, ngoma moja na kayamba. Vingine vinafungiwa stoo, na ufunguo ninao mimi. Timu ya sifa itatuletea wimbo mmoja mpya, hata ukiwa na maneno machache. Kijana wetu atauza gitaa moja alipe deni, na kanisa litamlipia mwalimu wa muziki. Tukinyamaza Jumapili ya kwanza kwa sababu hatujui la kuimba, tutanyamaza pamoja, tuone Mungu ataweka nini kinywani mwetu.

Nawe nyumbani, kagua stoo yako. Kuna cherehani iliyofunikwa huku unatafuta mkopo wa cherehani nyingine? Kuna Biblia tano na hata moja haijasomwa mpaka mwisho? Mungu alimuuliza Musa kuhusu kile kilichokuwa mkononi mwake tayari. Ilikuwa fimbo tu, na ilitosha.

Niandikie hapa chini: mkononi mwako kuna nini leo? Tuonane Jumapili saa tatu. Njoo na makofi yako.

Mbarikiwe. Amina.