Goma: Watu wanakimbia kwa audio, tangazo lenyewe halisomwi

Inaanza kila mara namna ileile. Ni usiku, simu zinalia ndani ya mahema, audio inapita. Sauti ya mtu asiyejitaja inasema adui amekaribia, kila mtu atoke. Haisemi ni siku gani, haisemi kama ameona kwa macho ao ameambiwa. Dakika kumi nyuma yake, mama wa watoto wanne amekwisha kufunga godoro, amekamata bidoni na sufuria, yuko barabarani na mtoto mgongoni. Asubuhi anarudi: hakuna kilichotokea, lakini bashe ya hema imeibwa.

Nani atalipa ile bashe? Si yule aliyetuma audio. Juu ya ujumbe wake kuna mishale miwili tu, alama ambayo WhatsApp inaweka kwa ujumbe uliopita mikono mingi. Wengi wanaona mishale hiyo na kufikiri kwamba habari ni ya kweli kwa kuwa imezunguka sana. Ni kinyume. Inaonyesha kwamba anayetuma si yeye aliyesema, na aliyemtumia naye si yeye. Tangu Aprili 2020, WhatsApp yenyewe haikubali ujumbe wa namna hiyo utumwe kwa zaidi ya mtu mmoja ao kundi moja kwa mara moja. Kampuni inayoishi kwa ujumbe wa watu imeogopa. Kambini hakuna anayeogopa.

Wakaaji wa Goma wanakumbuka mwaka wa 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei. Tarehe 27, liwali wa kijeshi akaamuru kartie 10 kati ya 18 za muji zihame. Kumi, kwa majina. Lakini watu wa kartie zisizotajwa nao walijaza njia ya Sake na mpaka wa Gisenyi. Kukimbia volkano si kosa, na woga siku ile ulikuwa na sababu. Ila wengi walitoka bila kujua kama kartie yao iko kwenye liste, kwa sababu liste haikusomwa. Lililosikiwa ni neno moja, kwamba Goma inahama. Siku mbili nyuma, wizara ya mawasiliano huko Kinshasa ikatangaza kwamba Murara nayo imelipuka. Ndege ilipopita juu, ikaonekana ni moshi wa watu wanaochoma makala. Kumbe na wakubwa wanasambaza kabla ya kuhakikisha! Angalau wizara ilijirudi siku ileile. Nani amekwisha kupokea audio ya pili inayosema kwamba ile ya jana ilikuwa uongo?

Beni na Butembo walilipa zaidi. Kati ya 2018 na 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, wakati uvumi ulikuwa unasema ugonjwa umebuniwa kwa ajili ya feza, na familia zingine zikaficha wagonjwa wao.

Zamani radio moja ilisikilizwa na nyumba nzima. Baba akisikia vibaya, mtoto anamsahihisha, jirani anauliza, watu wanabishana mpaka jambo linaeleweka. Leo kila mtu ana waya yake sikioni, na vijana wanapitisha audio kwa mwendo wa mara mbili ili iishe haraka. Hakuna anayemsahihisha mwenzake.

Wanaosema kwamba wahami hawasomi kwa uvivu wana wifi ofisini. Kambini mtu ananunua forfait ndogo ya mitandao: inafungua WhatsApp na Facebook, basi. Akigusa kiungo cha habari, ukurasa haufunguki. Anabaki na kichwa cha habari na picha, na kichwa cha habari kinakuwa habari yote. Akizoea hivyo mwaka mzima, hata ukimpa karatasi mkononi anasoma mstari wa kwanza na kuuliza: kwa ufupi wanasema nini?

Na karatasi zenyewe! Tangazo la serikali linafika kama picha iliyopigwa upande, kurasa mbili za Kifaransa, muhuri mkubwa na herufi ndogo kama chunguchungu. Mama anayesema Kiswahili, Kihunde ao Kinande atafanya nini? Atangoje mtu amfasirie kwa audio, na mfasiri anaongeza chumvi yake. Mkubwa anayeandika kwa Kifaransa peke yake asishangae raia wakimsikiliza mwingine.

Vijana wanajibu kwamba intaneti imekutanisha familia zilizotawanyika. Ni kweli kabisa, na hakuna anayeomba simu zitupwe. Lakini waangalie namna picha ya mtoto aliyepotea inavyosambazwa: inakuja na mahali, siku, na namba ya kupigia. Bila hivyo hakuna anayeipitisha. Kwa nini audio ya vita isiombwe vitu hivyo vitatu?

Wenye mamlaka wanaweza kuanza kesho: tangazo kwa Kiswahili, kwa sauti, dakika moja, na jina la anayesema na saa aliyosema. Kampuni za simu zinaweza kufungua kurasa za habari ndani ya forfait ndogo. Viongozi wa kambi wanawajua vizuri wale wanaotuma audio kila wiki, na hadi leo hawajawauliza kitu.