KIPAJI SI ADUI WA UMOJA: MAONI YA OFISI YA TAWI

*Kwa:* Wanachama wote wa Tawi
*Kutoka:* Ofisi ya Katibu wa Tawi



Kwa siku kadhaa sasa kundi letu lina mjadala mkali. Ulianza na Taifa Stars: nani aitwe, nani aachwe, na kama mchezaji mwenye jina kubwa apewe nafasi hata pale anapoonekana kuwavuruga wenzake. Taratibu mjadala ukatoka uwanjani ukaingia tawini. Mmoja akaandika, "Timu kwanza, staa baadaye." Mwingine akajibu, "Bila staa hakuna timu." Kufikia usiku wanachama watatu walikuwa wamejitoa kwenye kundi.

Tumeona ni vema tutoe maoni, kwa sababu Jumapili kamati ya utendaji ya tawi inakaa kupitisha majina ya wahamasishaji wetu kwa mkutano wa hadhara wa kata. Tunajua hoja hizi za mpira zitaingia ukumbini pamoja na wajumbe.

Msimamo wetu kwa ufupi: kipaji na umoja havigombani. Kinachovunja timu ni kanuni inayombana mmoja na kumwachia mwingine.

*1. Kipaji peke yake hakitoshi*

George Weah wa Liberia alitwaa tuzo ya Ballon d'Or mwaka 1995, na mpaka leo hakuna mwanamume mwingine wa Afrika aliyeipata. Alikuwa tayari kutoa hata fedha zake mwenyewe kugharimia timu ya taifa. Pamoja na hayo, Liberia ilifika Kombe la Mataifa ya Afrika mara mbili tu katika enzi zake, 1996 na 2002, na mara zote mbili ikaishia hatua ya makundi. Kombe la Dunia la 2002 walilikosa kwa pointi moja tu nyuma ya Nigeria. Hakuna aliyepungukiwa na moyo pale. Ila mtu mmoja hawezi kupiga kona na kuikimbilia mwenyewe aipige kichwa.

Kwa hiyo wanaosema "tumpeni fulani kila kitu, atatubeba" wamtazame Weah kwanza.

*2. Zambia 2012 isitumike kama fimbo*

Wengi kwenye kundi wametaja fainali ya Libreville, tarehe 12 Februari 2012. Zambia iliifunga Ivory Coast ya Didier Drogba na Yaya Touré kwa penalti 8-7, baada ya dakika 120 bila bao. Drogba alikosa penalti ndani ya muda wa kawaida. Wanaoitaja mechi hii huhitimisha kwamba mastaa ni mzigo.

Tuiangalie hesabu yote, tusisome mstari wa mwisho tu. Ivory Coast haikuruhusu hata bao moja katika mashindano yale. Timu iliyogawanyika haiwezi kulinda lango namna hiyo. Na Zambia nayo haikuwa timu ya watu wasio na uwezo. Rainford Kalaba na Stophila Sunzu, aliyefunga penalti ya ushindi, walikuwa wachezaji wa TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu iliyotwaa ubingwa wa Afrika 2009 na 2010. Ni klabu hiyohiyo ambayo Mbwana Samatta wetu alitwaa nayo ubingwa mwaka 2015.

Aliyekuwa kocha wa Zambia siku ile, Hervé Renard, miaka mitatu baadaye aliipa Ivory Coast kombe hilohilo. Drogba alikwisha kustaafu timu ya taifa, lakini Yaya Touré alikuwepo, akiwa nahodha. Renard hakufukuza mastaa ili apate umoja. Aliwapanga.

*3. Morocco: kumrudisha mtu ni kazi ya uongozi*

Huu ndio mfano tunaoutegemea zaidi. Hakim Ziyech alikosana na kocha Vahid Halilhodžić, aliyemtuhumu kukosa nidhamu na kumwacha nje ya kikosi. Kombe la Mataifa lililochezwa Januari 2022 Morocco ilikwenda bila yeye, ikatolewa na Misri robo fainali. Februari Ziyech akatangaza kwamba hatarudi timu ya taifa.

Kocha huyo aliifikisha timu Kombe la Dunia, lakini Agosti 2022 akaondolewa. Aliyemrithi, Walid Regragui, akamwita Ziyech. Miezi michache baadaye, huko Qatar, Ziyech alifunga dhidi ya Kanada, akafunga penalti yake dhidi ya Hispania, na mchana kutwa alionekana akirudi nyuma kukaba kama beki. Morocco ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mpaka inafika hapo ilikuwa imeruhusu bao moja tu, tena la kujifunga.

Tunaomba jambo hili lieleweke vizuri. Ziyech hakurudi ili afanye apendavyo. Alirudi akafanya kazi ya kila mtu, kisha akaongeza ile ambayo wengine hawaiwezi. Na kocha naye hakusubiri kupigiwa magoti. Kila upande ulisogea.

*4. Wakati mwingine anayevunja umoja ni mwenye daftari*

Mwaka 2014 nchini Brazil, Ghana ilitoka sare ya 2-2 na Ujerumani. Ujerumani ile ndiyo iliyotwaa kombe, na Ghana ndiyo timu pekee iliyoizuia isishinde katika mashindano yote. Siku chache baadaye kambi ya Ghana ilikuwa inawaka moto kwa sababu ya posho. Wachezaji waligoma kufanya mazoezi, mpaka serikali ikalazimika kupeleka kwa ndege zaidi ya dola milioni 3 za taslimu. Siku ya mechi na Ureno, Sulley Muntari na Kevin-Prince Boateng wakafukuzwa kambini kwa utovu wa nidhamu. Ghana ikafungwa 2-1, ikarudi nyumbani.

Ni rahisi kuwalaumu wawili wale peke yao, na utovu wa nidhamu hatuutetei. Lakini tuliosomea hesabu tunajua kwamba deni lisipolipwa kwa wakati huzaa maneno, na maneno huzaa makundi. Kiongozi anayehubiri umoja huku ameshikilia haki ya mtu, huyo naye ameugawa mlango wa kambi.

*5. Na sisi wenyewe*

Tulicheza Kombe la Mataifa mwaka 1980, kisha tukasubiri miaka 39 mpaka 2019. Katika muda wote huo hatukukosa vipaji. Lakini mpaka leo kikosi cha Taifa Stars kikitangazwa, jambo la kwanza mtaani ni kuhesabu: Simba wangapi, Yanga wangapi. Mchezaji akipoteza pasi, kabla hatujauliza kama ameumia au amechoka, tunauliza anatoka klabu gani. Anayevaa jezi ya nchi anacheza huku nusu ya vibanda umiza vikimsubiri akosee. Kisha tunashangaa umoja umekwenda wapi.

*Tawini kwetu*

Ndugu wanachama, mnamfahamu kijana wetu ambaye akishika kipaza sauti watu hawaondoki. Amekosa vikao vitatu mfululizo. Wapo wanaotaka jina lake likatwe Jumapili, na wapo wanaosema hata vikao asisumbuliwe navyo. Mama zetu wanaofika kila kikao, wakapanga viti na kubaki kuviosha, wamesema kwa haki kabisa kwamba wanajiona wamedharauliwa.

Ofisi itaishauri kamati mambo matatu:

➡️ *Jina lisikatwe.* Mkutano wa kata si mahali pa kumkomoa mtu. Tukimweka nje atakayefurahi ni mpinzani wetu, na uwanja utakuwa nusu.

➡️ *Kanuni iwe moja.* Kabla ya mkutano afike kwenye kikao, aeleze sababu za kutohudhuria, na siku ya maandalizi abebe viti kama wengine. Asipofika, hatapanda jukwaani, na hapo tusilaumiane. Kanuni hiyohiyo imhusu mjumbe, mwenyekiti na katibu.

➡️ *Haki zilipwe wazi.* Kila mhamasishaji na kila mama wa maandalizi alete stakabadhi za nauli na matumizi. Malipo yatasomwa mbele ya kikao, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi. Mwenye kipaji asilipwe kwa siri zaidi ya wenzake, wala mnyenyekevu asisahaulike kwa sababu hapigi kelele.

Tunajua ushauri huu hautamridhisha kila mmoja. Waliochoka kumbembeleza watasema tumelegea, na marafiki zake watasema tumembana. Tunawaomba wote waje waseme hivyo kikaoni, ana kwa ana, wasiyamalizie kwenye simu usiku wa manane. Na wale watatu waliojitoa kwenye kundi, majirani zao wawafikishie ujumbe huu na kuwaambia kwamba nafasi zao zipo.

Kikao ni Jumapili saa 4 asubuhi, mahali petu pa kawaida. Tufike kwa wakati.



_Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi_