Unabomoa dari ya zamani? Subiri kwanza, vumbi lake linaweza kuwa asbesto

Ukipita Geita mjini, Kahama au Shinyanga, hukosi nyumba inayofumuliwa paa. Pesa ya dhahabu ikiingia, watu wanataka bati la msauzi juu na dari ya jipsamu ndani. Fundi anapanda na nyundo, dari ya zamani inashuka vipande vipande, vumbi linatanda na watoto wako pale pale wanaangalia.

Kama nyumba ni ya zamani, vumbi hilo linaweza kuwa na asbesto.

Tatizo liko wapi?

Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba ambazo huwezi kuziona kwa macho. Kwa miaka mingi zilichanganywa na saruji kutengeneza shiti za paa, mabomba na bodi za dari, kwa kuwa haziungui na zinadumu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani, ikiwemo ya mapafu na ya utando unaoyazunguka. Linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuivuta wakiwa kazini.

Ubaya wake ni kwamba huumwi leo. Ugonjwa unaweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Kibarua wa miaka 22 anayebomoa dari leo anaweza kuugua akiwa na 50, na hakuna atakayeikumbuka nyumba ile.

Ukanda huu unalijua vumbi. Wanaofanya kazi duarani na kwenye karasha wanajua vumbi la mwamba linaharibu mapafu na kurahisisha kupata kifua kikuu. Ila la darini halizungumzwi. Na kama unavuta sigara, hatari ya saratani ya mapafu inapanda zaidi.

Nyumba zipi za kuangalia?

Huku kuna majengo ya zamani kuliko unavyodhani. Mgodi wa almasi wa Mwadui ulianza 1940. Mgodi wa kwanza wa dhahabu Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika 1928. Si kila nyumba ya enzi hizo ina asbesto, lakini iliyojengwa au kukarabatiwa kabla ya miaka ya 1990 ichunguzwe kwanza.

Bodi ya kutilia shaka mara nyingi ni ya kijivu, ngumu kama saruji, na ikivunjika inakatika kama kigae. Jipsamu ni nyeupe kama chaki na ina karatasi juu. Hadibodi ni ya kahawia, ni mbao. Lakini macho hayathibitishi, kinachothibitisha ni maabara. Kama huna majibu, ichukulie kuwa ni asbesto.

Ufanye nini?

- Kama dari ni nzima, iache. Unaweza kuipaka rangi, lakini usiikwangue kwa msasa. Bodi isiyovunjika haitoi nyuzi nyingi.
- Usitoboe, usikate kwa msumeno, usifagie vumbi likiwa kavu.
- Ikishavunjika, toa watu wote, lowesha vipande kwa maji na futa kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa hicho nacho ni taka.
- Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii nyuzi hizi. Inatakiwa ya kiwango cha FFP3 au P3.
- Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za familia.
- Bodi itolewe nzima, ifungwe kwenye nailoni nzito mara mbili na kuandikwa.
- Usichome, usifukie uani, usiezekee banda la kuku.

Sheria ipo, gharama ni ya nani?

Tanzania ina Kanuni za Udhibiti na Usimamizi wa Taka Hatarishi za mwaka 2021, zinazosimamiwa na NEMC, na anayeshughulikia taka hizo anatakiwa kuwa na kibali. Usalama wa mafundi kazini uko chini ya OSHA.

Lakini tuwe wakweli. Kwa mwenye nyumba wa mtaani, kumlipa mtaalamu mwenye kibali na kusafirisha mzigo ni gharama. Kumpa kijana hela ya siku avunje ni rahisi. Kwa hiyo bei ya chini anailipa kibarua kwa mapafu yake.

Hapa halmashauri zinaweza kusaidia bila kutunga sheria mpya. Anayeomba kibali cha kubomoa au kukarabati nyumba ya zamani aulizwe swali moja: dari na paa ni vya nini? Kisha aelekezwe NEMC kabla nyundo haijapanda.

Na wewe fundi, swali hilo unaweza kumuuliza mwenye nyumba leo. Kama hana jibu, usipande.