Wimbo wa Kuazima

Wapo wazee wenzangu, hapa Mbeya na kule Iringa, ambao wakisikia kijana ametoa kanda yake ya kwanza yenye nyimbo za watu wengine, huguna na kusema, "Huyo mwigaji tu, hana lake." Hukumu hiyo nimeisikia tangu miaka ya 1990, na bado naisikia leo, ambapo kanda zimekwisha na nyimbo zinakaa ndani ya simu. Mimi siikubali.

Tumtazame Saleh Jabir, maarufu kama Saleh J, aliyeshinda shindano la Yo! Rap Bonanza mwaka 1991. Kanda yake ya Swahili Rap ndiyo iliyowaudhi wengi. Alichukua midundo ya Wamarekani, ukiwamo ule wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, akatia maneno ya Kiswahili. Watu wazima walicheka. Lakini mdundo huo Vanilla Ice naye aliutoa katika "Under Pressure", wimbo wa Queen na David Bowie wa mwaka 1981. Basi nani amcheke nani? Kijana yule alionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba muziki wa kufokafoka. Baada ya hapo walikuja walioandika mashairi yao wenyewe, mmoja wao Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, ambaye mwaka 2010 watu wa Mbeya Mjini walimchagua kuwa mbunge wao. Mlango ukishafunguliwa, hatuulizi tena kama ufunguo ulikuwa wa kuazima.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, nami najua mtu anavyojifunza kazi. Mwanachuo wa ualimu haanzi kwa kubuni. Hukaa nyuma ya darasa akimtazama mwalimu mzoefu, kisha husimama mbele na kufundisha vilevile, hata sauti huigiza. Hilo halituudhi. Tunachokidai ni andalio la somo aliloliandika kwa mkono wake, na ndani yake ataje kitabu alichokitumia. Akiiga na kutaja, huyo anajifunza. Akiiga na kuficha, huyo ameiba, na kosa hilo tunalijua tangu chumba cha mtihani.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaotetea kila kitu. Elvis Presley, aliyechanganya muziki wa country wa Wamarekani weupe na ule wa watu weusi, alianza na sahani ya "That's All Right" mwaka 1954. Wimbo huo ulikuwa wa Arthur Crudup, mtu mweusi aliyeurekodi mwaka 1946. Albamu ya kwanza ya Elvis, ya mwaka 1956, nayo ilijaa nyimbo za wengine: "Blue Suede Shoes" ya Carl Perkins, "Tutti Frutti" ya Little Richard. Elvis akawa tajiri. Crudup alidai malipo yake kwa miaka mingi, akafa mwaka 1974 bila kupata haki yake. Ubaya haukuwa katika kuimba. Ubaya ulikuwa katika hesabu, pale mwenye wimbo aliposahauliwa wakati wa kugawana.

Na sisi je? Tunaposimama wima kuimba "Mungu Ibariki Afrika", tunaimba wimbo wa kuazima. Sauti yake aliitunga Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, naye alikuwa mwalimu wa shule kama mimi. Ukifika Tunduma ukavuka mpaka, utawakuta Wazambia wanaimba sauti ileile kwa maneno yao. Hakuna anayetuita waigaji. Lakini waulize wanafunzi kumi mtunzi ni nani, uone wangapi watamtaja. Tumeazima tukaacha jina njiani.

Vivyo hivyo katika mabanda ya kuuzia kanda, pale Mwanjelwa na katika stendi za mabasi. Kanda ilinakiliwa dukani, jalada likaandikwa kwa kalamu ya wino, jina la mwimbaji likawekwa, la mtunzi halikuonekana kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na COSOTA ikaanzishwa mwaka 2001, lakini sheria haiwezi kumlipa mtu ambaye jina lake hakuna aliyejali kuliandika.

Kwa hiyo nawaambia wazee: acheni kumkatisha tamaa kijana anayeanza kwa nyimbo za wengine. Hata Mwalimu Nyerere alichukua tamthilia za Shakespeare akazifanya Kiswahili, na jina la Shakespeare liko pale pale kwenye jalada. Hatukumwita mwigaji, tulimwita mfasiri, tukajivunia kazi yake.

Na vijana nawaambia hivi: imbeni za wenzenu, lakini msizirudishe kama mlivyozichukua. Mtu akisikia wimbo ule katika sauti yako, apate kitu ambacho mwenyewe hakukitia. Kisha mtajeni mwenye wimbo kabla hamjapiga gitaa, na fedha ikija, mpelekeeni fungu lake. Anayeazima jembe kwa jirani hulitaja kuwa la jirani, na baada ya mavuno hampelekei shukrani peke yake.