Kiswahili kipate nafasi hata kwenye bembea

Sisi wapenzi wa Kiswahili tumezoea kuitetea lugha hii bungeni, mahakamani na vyuoni, kana kwamba hatima yake itaamuliwa na wavaa majoho na tai peke yao. Mazoea hayo si mabaya. Hata hivyo, tumepasahau mahali ambapo lugha hujijenga mapema zaidi, yaani katika mchezo. Mtoto huyajua maneno ya kile anachokifurahia kabla ya kufundishwa maneno ya kile anacholazimishwa. Lugha isiyokuwako penye furaha ya mtoto ni vigumu ipendwe darasani, hata mwalimu aifundishe kwa bidii ya mchwa.

Jambo hili nililiona waziwazi katika likizo ya Agosti iliyopita, nilipoipeleka aila yangu kwenye bustani mpya ya michezo iliyofunguliwa viungani mwa Nairobi. Tulikuwa sita: mke wangu, watoto wetu watatu, mama yangu mzazi aliyekuwa ametoka mashambani kuja kutujulia hali, na mimi. Mitambo ya kupanda ilikuwa mingi, na kwa kuwa bei ya kupanda mmoja mara moja yatosha kununua pakiti mbili za unga, ilitubidi tulinganishe kabla ya kulipa, na tukalinganisha tena baada ya kushuka.

Gurudumu kubwa ndilo lililotutuliza zaidi. Hupanda polepole, likakuinua juu ya mapaa na miti hata ukaviona vilima vya Ngong, kisha likakuteremsha bila kukushtua. Mzee na mtoto huweza kuketi pamoja humo wakazungumza. Farasi wa kuzunguka nao waliwafaa walio wadogo. Kitinda mimba wetu aligundua kwamba farasi wa ukingoni huenda kasi kuliko wa katikati, na mwalimu wa fizikia atamweleza sababu: wote humaliza mzunguko kwa muda mmoja, ila wa ukingoni ana njia ndefu zaidi. Vigari vya kugongana vilikuwa na fadhila ya pekee. Kwingine kote mtambo ndio unaoamua uende wapi, lakini humu mpandaji ndiye dereva, na mke wangu, mpole wa kawaida, alinigonga mara nne.

Kisha palikuwa na jahazi. Huyumba mbele na nyuma mfano wa bembea, na aketiye tezini au omoni hurushwa juu kuliko aliye katikati. Mwisho kabisa palikuwa na gari la reli lipitalo milima na mabonde. Mnyororo hulivuta hadi kilele cha kwanza, halafu hulitupa mkono. Kuanzia hapo halina injini, bali huendeshwa na uzito wake lenyewe, na ndiyo sababu vilima vinavyofuata haviwezi kukizidi kimo kile cha kwanza. Safari yake ilikuwa fupi kuliko zote na ghali kuliko zote. Mimi naliona gurudumu kuwa ndilo lililostahili fedha zetu. Watoto wangu wakubwa wawili hawakubaliani nami kabisa.

Ubishi wao ndio ulionifunza. Niliusikiliza kwa sikio la kazi yangu. Walisema, “Lilitusukasuka, likatuporomosha, tukaning’inia, tukapinda ghafla, roho ikatutoka.” Vitenzi vyote hivyo ni Kiswahili safi, tena chenye viambishi vilivyokaa mahali pake. Lakini kila walipoutaja mtambo wenyewe kwa jina, jina lilikuwa la Kiingereza. Tendo lilikuwa letu, jina lilikuwa la wenyewe. Basi yule anayedai kwamba Kiswahili ni maskini mno kuyaeleza mambo haya hajasikiliza. Lugha iliyo na kuyumba, kuwayawaya, kubingirika, kuporomoka, kuteleza na kubembea haina njaa ya maneno. Ilichokosa ni watu wa kuketi wakayatoa majina katika vitenzi hivyo na kuyatumia bila haya.

Wenzetu hawakungoja kupewa. Gurudumu la aina hii lililopata sifa duniani lilisimamishwa Chicago, Marekani, katika maonyesho ya mwaka 1893, likiwa na urefu wa mita 80 hivi na vyumba 36, kila chumba kikichukua watu 60. Mjenzi wake alikuwa mhandisi George Ferris, na wasemaji wengi wa Kiingereza huliita kwa jina lake hadi leo. Wajerumani hawakumfuata. Waliliita gurudumu jitu, na lile la Vienna lililojengwa mwaka 1897 lingali linazunguka. Wafaransa walitosheka na gurudumu kubwa, nao hawakufa kwa aibu.

Kisa cha gari la milima na mabonde ni cha kuchekesha zaidi. Asili yake ni vilima vya barafu ambavyo Warusi walikuwa wakivijenga wakati wa baridi ili wateleze kwa vigari visivyo na magurudumu. Mwaka 1884 Mmarekani LaMarcus Thompson aliweka reli ya mchezo huo Coney Island, New York, akatoza senti tano. Leo Wafaransa na Wahispania huuita mtambo huo milima ya Kirusi, ilhali Warusi wenyewe huuita vilima vya Kimarekani! Kila taifa lilitazama, likaona linachofanana nacho, likakipa jina kwa ulimi wake. Hata farasi wa kuzunguka, ambao Wafaransa huwaita kwa neno la asili ya Kiitalia, walirithi jina la michezo ya mashujaa wapanda farasi. Mfalme Louis wa 14 aliandaa michezo hiyo jijini Paris mwaka 1662, na uwanja ilikochezwa ungali unaitwa hivyo.

Na sisi je? Unguja siku za Idi, watoto huvishwa nguo mpya wakapelekwa viwanja vya Mnazi Mmoja, na huko hupanda pembea. Neno hilo, ambalo hapa Kenya tumezoea kulitamka bembea, ni jina na ni kitenzi kwa pamoja: mtu hubembea kwenye bembea. Hapana aliyeunda kamati ili lipatikane. Tatizo letu la bara ni kuona kwamba neno likisha kugusa mtambo wenye taa na umeme, basi Kiswahili kimefika mwisho wa mpaka wake.

Pengine msomaji atasema: ewe mwalimu, huo ni mchezo tu, una uzito gani? Namjibu kwa mambo mawili.

La kwanza, lugha huchota katika mchezo ili kutaja mambo mazito. Akina mama wa Kenya wanapochanga fedha kila juma na kumpa mmoja wao kwa zamu, wengi huuita mpango huo merigoraundi. Jina la farasi wa watoto wa Kiingereza limekuwa jina la karo, la mabati na la mtaji wa duka. Waswahili nao wana neno la tangu zamani, upatu, na upatu huo, ajabu iliyoje, huchezwa. Ikiwa mchezo ndio huupa uchumi wa nyumbani lugha yake, hatuwezi kusema kwamba lugha ya mchezo haituhusu.

La pili ni zito zaidi, na lilimpata mama yangu. Mama ana umri wa miaka sabini na mitatu. Alijifunza kusoma katika masomo ya ngumbaru yaliyopigiwa upatu nchini tangu mwaka 1979, naye husoma Kiswahili vizuri, kuanzia Biblia hadi magazeti. Kiingereza hakijui. Pia ana ugonjwa wa shinikizo la damu na humeza dawa kila asubuhi. Alitaka kupanda jahazi pamoja na wajukuu wake. Mlangoni palikuwa na ubao wa maonyo wenye mistari minane, yote kwa Kiingereza. Alivaa miwani, akautazama kwa muda, kisha akamuuliza binti yangu, “Mjukuu wangu, hapa wameandika nini?”

“Nyanya, wanasema mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo na mja mzito wasipande.”

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe habari ni yangu. Mbona basi ameambiwa mtoto?”

Swali hilo sijapata kulisikia likiulizwa vizuri zaidi katika kongamano lolote la sera ya lugha. Yule kijana aliyekusanya tikiti aliwaamkia watu wote kwa Kiswahili, akawaambia kwa Kiswahili wasogee na wafunge mikanda. Mahali pale huzungumza Kiswahili mchana kutwa, lakini kikihitajika cha kuandikwa ubaoni, Kiswahili pekee kilichoonekana ni neno “Karibu” langoni. Yaani lugha yetu hukaribisha wageni na kupokea fedha, halafu inapofika zamu ya kuokoa maisha huambiwa ikae kando. Laiti mama angekuja bila mjukuu anayejua Kiingereza, angelipa, akapanda.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, yasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 46 nacho humpa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa mlipaji ni mapambo ya ukuta. Wenye bustani za michezo, mabasi, lifti na madimbwi ya kuogelea hawaombwi muujiza, bali ubao wa pili na rangi kidogo.

Nanyi walimu wenzangu, kazi yenu ni kubwa kuliko ya mafundi wa mabango. Tumechoka kusahihisha insha za matembezi ambamo mwanafunzi huamka alfajiri na mapema, jogoo akawika, jua likachomoza, gari likanguruma, halafu afikapo mahali penyewe maneno humwishia, akamaliza kwa kusema kwamba alifurahi ghaya ya kufurahi. Mpeni kazi nyingine. Mwambieni alinganishe mitambo miwili aliyoipanda au kuiona: upi huyumba na upi huporomoka, upi wamfaa mzee na upi wamfaa kijana, na kwa nini. Mwanafunzi asiyewahi kufika bustanini alinganishe bembea ya kamba ya mwembeni na mteremko wa gari la mbao. Kulinganisha humlazimu mtu kutafuta neno hasa.

Kisha mwacheni ayape majina. Mwanangu wa kati aliliita lile gari treni ya mabonde, na sioni kasoro ndani yake. Sipendekezi kwamba jina hilo liwe sheria. Tumejionea jinsi Kenya ilivyoshika tarakilishi huku Tanzania ikishika kompyuta, na wasemaji wakachagua kadiri ndimi zao zilivyopenda. Majina mengi yatakufa, machache yatadumu, na ndivyo ilivyokuwa kwa kila lugha niliyoitaja.

Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tumekuwa tukikusanyika kila mwaka kuimba, kughani na kuhutubu. Na tuendelee. Lakini heshima ya lugha hupimwa siku zile nyingine zilizosalia, mahali ambapo nyanya amesimama na miwani yake mbele ya ubao, akitaka kujua kama ni salama apande na wajukuu wake.