Afya ya Nyumbani: Mlinzi wa Mdomo wa Mpira

Wako watu ambao matumbo yao hayawezi tena kuchukua chakula. Mmoja amekatwa sehemu kubwa ya utumbo kwa sababu ya maradhi. Mwingine amezaliwa na utumbo mfupi. Hawa hulishwa kwa mshipa: maji yenye sukari, mafuta, protini, chumvi na vitamini hupitishwa, mara nyingi usiku kucha, katika mpira mwembamba ambao ncha yake hufika kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Katika Marekani, Kanada na Ulaya wengi wao hukaa majumbani mwao, na kazi hiyo huifanya wenyewe au jamaa zao.

Mwaka 1973 madaktari Broviac na Scribner, wa mji wa Seattle huko Marekani, pamoja na mwenzao, walieleza habari za mpira uliotengenezwa kwa ajili ya watu hawa. Mpira huo hupita kwanza chini ya ngozi ya kifua, na hapo una pete ya kitambaa. Nyama ya mwili huota ndani ya kitambaa, ikaushika mpira, ikawa boma la kuzuia vijidudu vya ngozi. Mipira ya namna hiyo yatumika hata leo.

Lakini kila boma lina lango. Mdomo wa nje wa mpira, ufunguliwao na kufungwa kila siku, hauna pete wala nyama ya kuulinda. Kijidudu kikaacho juu ya ngozi bila ya kumdhuru mtu, kikipenya hapo, kimekwisha ingia katika damu. Mlinzi wa lango hilo ni mkono wa yule anayemhudumia mgonjwa.

Basi yatupasa kuyashika haya, kama wauguzi wafundishavyo. Kwanza, meza ifutwe, feni izimwe, na watoto wakae mbali. Pili, mikono ioshwe kwa sabuni na maji safi, kisha ikaushwe. Wala asidhani mtu kuwa udhu alionao watosha: udhu ni wa sala, na mpira wataka sabuni. Aliyetayamamu ndiye zaidi, maana amegusa vumbi. Tatu, mdomo wa mpira usuguliwe kwa spiriti muda wa nukta 15, uachwe ukauke, wala usiguswe tena na kidole. Nne, bandeji ikilowa au ikibanduka ibadilishwe mara moja, wala mgonjwa asiogelee. Iko pia dawa iitwayo taurolidini, ambayo huachwa ndani ya mpira wakati hautumiki ili kuzuia vijidudu. Hiyo hutumiwa kwa amri ya daktari.

Mgonjwa akipata homa, au akitetemeka kwa baridi baada ya chakula kuanza kupita, msimpe vidonge vya homa mkangoja asubuhi. Simamisheni chakula, mpelekeni hospitali saa ile ile, na mwambieni daktari kwamba ana mpira mshipani, ili damu yake ichukuliwe ipimwe kabla ya kupewa dawa.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Sumu ya damu yaweza kuua kwa muda mfupi. Na hata mgonjwa akipona, huenda mpira ukalazimu kutolewa na kutiwa mwingine. Mishipa ifaayo ni michache, na ulioziba mara nyingi haurudi. Kwa mtu asiyekuwa na njia nyingine ya kula, kila mshipa upoteao ni mlango wa riziki uliofungwa.

Nasi tusiseme kwamba haya ni ya nchi za mbali. Mombasa na Dar es Salaam wako ndugu zetu wenye mipira kama hiyo kwa kusafishiwa damu, kwa kuwa mafigo yao yameshindwa. Mpira wao hufunguliwa hospitalini, si nyumbani. Lakini bandeji kavu, mikono safi na kuiogopa homa ni juu yao na juu yetu. Vijana mlio na mgonjwa wa namna hii nyumbani, jifunzeni kazi hii kwa muuguzi, mkaifanye kila siku kama mlivyoifanya siku ya kwanza.