Mwalimu wa Pugu bado hayupo mtandaoni

Zamani kusoma aliyoyasema Mwalimu Nyerere mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, Machi 1955, kulitaka nauli ya mbali. Siku hizi nyaraka nyingi za baraza hilo unazipata ukiwa na bando tu. Zisomwe pamoja na ripoti ya ujumbe wa baraza hilo uliotembelea Tanganyika 1954: wao walikadiria miaka 20 hadi 25 kabla ya kujitawala, sisi tukapata uhuru 1961!

Ila anayesoma hizo peke yake atamjua Mwalimu kwa macho ya mabalozi na maofisa wa kikoloni. Mwalimu aliyefundisha Pugu, jirani kabisa na Kisarawe, akaacha kazi mwaka huohuo wa 1955 kwa ajili ya siasa, yuko kwenye masanduku ya wazee wetu. Kadi ya chama cha TANU ya marehemu babu, kule Maneromango, imefifia wino, pembe moja imeliwa na mchwa, lakini mihuri ya ada inasomeka. Kadi kama hizo nani anazipiga picha?

Hapa Kibaha tuna maktaba ya Shirika la Elimu, tuna na Shule ya Uongozi yenye jina la Mwalimu. Taasisi hizo ziwape vijana skana waende vijijini sasa, kabla ya masika. Na picha zikipandishwa, tafadhali, yaandikwe pia majina ya waliosimama nyuma ya Mwalimu.